SOMO: JAJI AFIKE WAPI KATIKA KAZI YA SERIKALI?



Katika mikutano ya vikundi swali hili halikosi: jaji hakupigiwa kura na mtu, mbona basi aiamrishe serikali tuliyoichagua sisi? Wako wanaosema jaji asome sheria, akate kesi, aende nyumbani. Tutalisoma jambo hili kupitia kesi ya watu waliokuwa na chama chao, kama sisi.

Kijiji cha Mitumba kilikuwa karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, juu ya ardhi ya umma. Waliishi pale watu zaidi ya 15,000. Septemba 2011 ikatoka notisi: siku 7, muwe mmehama. Chama cha wenyeji, Mitu-Bell Welfare Society, kikaenda Mahakama Kuu, na korti ikatoa amri wasiguswe hadi kesi isikilizwe. Novemba nyumba zilibomolewa, na amri ipo.

Kwanza tuulize, chama kiliwezaje hata kufika kortini? Mwaka wa 1989 Profesa Wangari Maathai alishtaki ili jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park. Kesi ilitupwa, akaambiwa hana haki ya kushtaki kwa jambo lisilomdhuru yeye binafsi. (Jumba lenyewe halikujengwa, lakini si kwa nguvu ya korti.) Katiba ya 2010 ikaondoa kizuizi hicho. Kifungu cha 22 chasema mtu yeyote, au chama kwa niaba ya wanachama wake, aweza kudai haki za kimsingi kortini. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na ikibidi korti yaweza kupokea hata karatasi isiyoandikwa kiwakili. Mwandishi wa kikundi aandike kifungu hiki daftarini.

Turudi Mitumba. Aprili 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki za wenyeji zilivunjwa, pamoja na haki ya makao ya kufaa iliyo katika kifungu cha 43. Lakini hakuishia hapo. Aliiagiza serikali irudi kwake katika siku 60, ieleze sera na mipango yake ya makao, na izungumze na wenyeji juu ya njia ya kutatua shida yao. Ugomvi ukaanzia hapo. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, ikisema jaji akishatoa hukumu kazi yake imekwisha.

Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema sivyo. Katika kesi za haki za binadamu jaji aweza kutoa amri na kuendelea kufuatilia kama inatimizwa. Ilisema pia kwamba kukaa kwenye ardhi ya umma hakumpi mtu hati ya kumiliki, ila asiye na ardhi aliyejenga makao yake pale ana haki ya makao ambayo sheria huilinda. Kisha kesi ikarudishwa Mahakama Kuu.

Sasa, je, yule jaji wa kwanza aliingilia kazi ya wengine? Kwa maoni yetu, hapana. Hakupanga bajeti, wala hakusema nyumba ngapi zijengwe na wapi. Hiyo ni kazi ya serikali na Bunge, na kama angeifanya yeye tungemlaumu. Yeye aliuliza tu: mpango wenu ni upi, na mmeongea na watu hawa? Mwenye kuchaguliwa hapotezi kitu akijibu swali hilo.

Wanaohofia majaji kuwa na nguvu nyingi waitazame tena ile amri ya 2011. Jaji hana askari wake wala hazina yake. Amri ilikuwako na nyumba zikaanguka, na kutoka hapo hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu ilipita miaka 9 na zaidi.

Maswali ya kujadiliana:

Je, kikundi chetu kina orodha kamili ya wanachama, na kumbukumbu za mikutano, za kuonyesha kortini ikihitajika?

Korti ikiagiza ofisi fulani izungumze nasi, nani atatusemea, na tutadai nini kwanza?

Amri ikitolewa kisha isitiiwe, tutafanya nini siku ya pili yake?