SOMO: KIDONDA KISICHOONEKANA

Masomo: Ayubu 2:11-13, 1 Wafalme 19:1-8



Tangu vita ilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, tunaketi kanisani pamoja na watu ambao miili yao ni mizima lakini ndani wameumia. Mtoto akisikia mlango unapigwa na upepo, anakimbilia chini ya kitanda. Baba mpole amekuwa mtu wa hasira. Mama halali usiku. Na sisi tunasema haraka: ana pepo, ao imani yake ni ndogo.

Mimi shemasi nilikosa. Nilimwita mama mmoja mkimbizi mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Alipofika kwenye habari ya watoto wake, akaanguka. Tukamzunguka, tukamwombea kwa sauti kubwa, kumbe makelele yale yalimwongezea hofu. Majuma matatu hakurudi. Ndipo mama mmoja wa kanisa akaenda kwake na unga na sombe, akapika naye, hakumwuliza neno. Siku ya nne yule mama alianza kusema mwenyewe.

Tuangalie Elia. Alipoomba kufa chini ya mti, malaika hakumhubiri. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Neno la safari lilikuja nyuma. Rafiki za Ayubu nao waliketi naye chini siku saba, kimya. Makosa yao yalianza walipofungua kinywa.

Hii haipingani na maombi. Pale Panzi, Bukavu, hospitali ambayo Daktari Denis Mukwege alianzisha mwaka 1999, wanatunza mwili na moyo, wanamsaidia mtu mbele ya sheria na katika kutafuta riziki. Basi anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, apelekwe kwa muganga siku ileile. Aliyebakwa afike kituo cha afya mapema, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia ukimwi ina mwisho wake. Na siri yake isitoke, hata kwa njia ya maombi ya kikundi! (Wapiga ngoma, nanyi msianze kwa ghafula.)

Maswali kwa vikundi: Ni nani katika mtaa wenu ameacha kuja ibadani tangu vita? Nani atakwenda kwake juma hili, na atabeba nini?