Elimu ya Mazingira: Viumbe Wadogo Wanaorudisha Uhai wa Ardhi ya Machimbo

Machimbo ya mchanga, kokoto au udongo wa matofali yakishafukiwa na kusawazishwa, wengi hudhani kazi imekwisha. Kusawazisha ardhi si kuiponya. Kifusi kilichotoka chini hakina mboji wala viumbe; maji ya mvua hutiririka juu yake, na mche unaopandwa hapo hudumaa.

Kiganja kimoja cha udongo wenye afya huwa na maelfu ya wanyama. Walio wengi ni nematodi, minyoo wembamba ambao kwa kawaida hawafikii urefu wa milimita 2. Mkulima wa nyanya huwafahamu minyoo fundo kwa uharibifu wao, lakini jamaa zao wengi hula bakteria na kuvu, na kwa kufanya hivyo huachilia virutubisho ambavyo mimea huvitumia.

Wanyama hawa hurudi kwa hatua. Hutangulia nematodi walao bakteria: huzaliana upesi, huletwa na upepo na maji, na baadhi yao huweza kukauka wakati wa kiangazi na kuamka mvua inaponyesha. Majani yakianza kuoza, hufuata walao kuvu, pamoja na utitiri wa udongoni. Wa mwisho ni wawindaji wakubwa, ambao huzaliana polepole na hufa ardhi inapovurugwa. Kwa msingi huo, mwaka 1990 mtaalamu wa Uholanzi, Tom Bongers, alipendekeza afya ya udongo ipimwe kwa aina za nematodi waliomo.

Mfano wa karibu uko Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji. Mivinje ilistawi, lakini majani yake yalirundikana bila kuoza. Ndipo alipoleta majongoo, wakayala. Vinyesi vyao vikawa chakula cha bakteria, na mboji ikaanza kujengeka juu ya mwamba mtupu. Leo eneo hilo ni msitu na hifadhi ya wanyama.

Kwa hiyo, wakazi wanaochimba au kufukia mashimo wanashauriwa yafuatayo:

1. Udongo wa juu utengwe kabla ya kuchimba, nao urudishwe juu ya kifusi.
2. Majani na mabua yatandazwe badala ya kuchomwa.
3. Ndoo chache za udongo wenye rutuba zimwagwe penye miche, ili ziwe mbegu ya viumbe hao. Udongo huo usitoke katika bustani yenye minyoo fundo.
4. Eneo lililopandwa lisilimwe wala kulishiwa mifugo mpaka mimea ishike.

Udongo wa juu ukipotea, vizazi vya baadaye ndivyo vitakavyongoja urejee.