Daraja la Miguu

Mtu akitoka Rumonge akafuata njia ya miguu kandokando ya mto ushukao ziwani, hachelewi kukuta daraja la miti: magogo mawili matatu yamelazwa toka ukingo hata ukingo. Wengi hupita tu, mwenye mise kichwani na mwenye daftari mkononi. Leo tusimame tulitazame.

Tuanze na gogo lenyewe. Hupindika zaidi katikati, na aghalabu ndipo livunjikapo. Likiwa refu mara mbili, uzito liwezao kubeba hapo katikati hupungua nusu. Lakini unene ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nane! Kwa hiyo ukiweka kando kwa kando miti minne yenye nusu ya unene wa gogo moja, kiasi cha mti ni kile kile, nayo yabeba nusu tu ya mzigo wa gogo lile. Mafundi wengi wa vijijini walijua hayo kabla ya kuona kitabu.

Sasa tuteremke ukingoni kwa hadhari. Mara nyingi madaraja haya hayavunjwi na watu, huchukuliwa na maji. Milima iliyo nyuma ya Rumonge hupita mita 2,000 juu ya bahari, na ziwa liko karibu mita 775. Mito kama Murembwe hushuka kwa ghafula. Mvua ikinyesha Bururi, mto waweza kujaa huku chini hali jua lawaka. Maji yakienda mbio mara mbili, msukumo wake ni mara nne, tena huchimba udongo ulioshika ncha za magogo. Tazameni majani makavu yaliyonasa vichakani: hapo ndipo mafuriko yalipofika. Yakiwa juu kuliko magogo, daraja hilo limekwisha kufunikwa na litafunikwa tena. Mtoto akiona maji yapita juu yake asivuke, hata kama kengele ya shule imelia.

Karibu na ziwa kuna jambo jingine. Mwaka 1964, na tena mwaka 2024, Tanganyika ilipanda mpaka karibu mita 777. Nyumba za Rumonge ziliingia maji mwaka 2024. Ziwa likipanda hivyo, maji ya mto hukosa pa kwenda, yakatuama chini ya daraja kwa miezi.

Penye mto mpana hufaa daraja la kamba za chuma, lisilo na nguzo majini. Watu huuliza, mbona limelegea katikati? Si uvivu wa fundi. Chukua uzito wa kila mita, zidisha kwa urefu mara mbili, kisha gawanya kwa mara nane ya mshuko. Daraja la mita 40, kilo 100 kwa kila mita, likishuka mita 2, kamba zake huvutwa kwa nguvu ya kilo 10,000. Likikazwa lishuke mita 1, ni kilo 20,000.

Nguvu hiyo yote huishia ardhini, kamba zilipofungwa. Huko Angers, Ufaransa, mwaka 1850, kutu ilikuwa imekula kamba mahali pale pale pasipoonekana. Daraja lilianguka askari wakivuka katika dhoruba, wakafa zaidi ya 200.

Zoezi: Daraja la mita 60, uzito ule ule, lashuka mita 3. Kamba zavutwa kwa kilo ngapi? Kisha pimeni, katika daraja lililo karibu nanyi, toka alama ya mafuriko hata magogo.