SILIKONI NDANI YA BETRI: GHALA KUBWA LINALOPASUKA



Siku hizi simu na taa za sola zimeingia vijijini. Wengi wetu tumeliona jambo hili: simu ikiwa mpya hukaa na chaji siku mbili. Baada ya miaka michache haimalizi hata nusu siku. Simu ni ile ile, chaja ni ile ile. Kilichochoka ni betri. Katika somo hili tutajifunza jinsi betri inavyochoka, na kwa nini wataalamu wanahangaika na kitu kiitwacho silikoni.

Betri inafanyaje kazi?

Betri za simu ni za lithiamu. Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1991. Ndani ya betri mna pande mbili, na katikati mna majimaji. Tunapochaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja na kuingia upande wa pili. Tunapotumia simu, chembe hizo hurudi zilikotoka. Upande unaopokea lithiamu wakati wa kuchaji huitwa anodi. Tuufananishe na ghala: kuchaji ni kujaza ghala, kutumia ni kutoa.

Ghala dogo na ghala kubwa

Anodi nyingi hutengenezwa kwa kinywe, ile nyeusi iliyo ndani ya penseli. Madini hayo yapo hapa Tanzania, kwa mfano Mahenge na Ruangwa. Kinywe kina tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Lithiamu huingia kati ya kurasa hizo, na kinywe huvimba kidogo tu, kama sehemu 10 katika 100. Ni ghala dogo, lakini imara.

Silikoni hutolewa katika mawe na mchanga mweupe. Gramu moja ya silikoni yaweza kuweka lithiamu karibu mara 10 kuliko gramu moja ya kinywe. Sasa tujiulize: kama ni hivyo, kwa nini betri zote zisitengenezwe kwa silikoni tupu?

Jibu ni kwamba silikoni ikijaa lithiamu huvimba mno. Ukubwa wake huwa mara 3 au hata 4. Lithiamu ikitoka, silikoni hunywea tena. Mkulima anaujua mchezo huu. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa masika, na kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Nyumba iliyojengwa juu yake haikawii kupata ufa. Silikoni nayo ni hivyo hivyo, ila kwake masika na kiangazi huja kila tunapochaji na kutumia.

Hasara zake ni tatu:

1. Chembe za silikoni hupasuka vipande vipande.

2. Vipande vingine hutengana na vyenzake. Umeme hauvifikii tena, na lithiamu iliyomo hufungiwa humo.

3. Juu ya anodi hujengeka utando mwembamba wa kuikinga. Kila ufa mpya hudai utando mpya, na utando huo hula lithiamu na majimaji ya betri.

Tupige hesabu

Tuseme betri inapoteza sehemu 1 katika kila 100 ya nguvu iliyobaki, kila inapochajiwa. Utasema sehemu moja ni kidogo. Lakini baada ya kuchaji mara 22 tu, kwenye 100 itakuwa imebaki 80. Kama inapoteza sehemu 1 katika 1,000, itafika hapo baada ya mara 223. Na kama ni sehemu 1 katika 10,000, itachajiwa zaidi ya mara 2,200. Kumbe hasara ndogo ya kila siku ndiyo inayoua betri.

Wataalamu wamefanya nini?

Kwanza, wameifanya silikoni iwe chembe ndogo sana. Mwaka 2012 ilionekana kwamba chembe yenye upana chini ya nanomita 150 huvimba bila kupasuka. Unywele wa mtu ni mnene kuliko chembe hiyo mara 300 au zaidi. Lakini chembe ndogo nyingi zina uso mwingi, na uso mwingi hudai utando mwingi.

Pili, wameipa nafasi ya kuvimbia. Mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilitumia nyuzi nyembamba za silikoni zilizoachiana nafasi. Mwaka 2014 chuo hicho kikaonyesha chembe zilizofungwa ndani ya maganda ya kaboni, mfano wa punje za komamanga, na kila ganda lina nafasi ndani yake.

Tatu, wametafuta gundi bora. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba alginati, utomvu wa mwani wa kahawia, huzishika vizuri chembe za silikoni. Huo si mwani unaolimwa Zanzibar, ambao ni wa jamii ya mwani mwekundu na hutoa utomvu wa aina nyingine.

Nne, huchanganya silikoni kidogo na kinywe kingi. Njia hii ndiyo iliyotangulia kuingia madukani.

Tukumbuke

Ghala kubwa linalopasuka halimfai mkulima. Basi tunaponunua betri ya sola tusiulize tu, "Inaweka umeme kiasi gani?" Tuulize pia, "Itachajiwa mara ngapi kabla ya kushuka hadi 80 kwa 100?"

Jambo moja la hatari: betri ya simu ikituna kama mto, hiyo ni gesi iliyojaa ndani. Usiitoboe wala kuichaji tena. Yaweza kuwaka moto.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kinywe kinadumu kuliko silikoni?

2. Taja hasara tatu za silikoni kuvimba na kunywea.

3. Betri ya kwanza ni ya bei nafuu na huchajiwa mara 300. Ya pili bei yake ni mara mbili, nayo huchajiwa mara 1,500. Zote zinaweka umeme sawa. Ipi ni rahisi zaidi? Onyesheni hesabu.