Koleji ya Wapi, Mdogo Wangu?

Wadogo zangu, msimu wa kuomba vyuo umefika na swali mnaloniletea ni lilelile: "Dada, nimepata koleji ng'ambo, niende?" Nami nakujibu kwa swali: ng'ambo ya wapi, na utatoka na cheti gani?

Anza na Uingereza, maana huko jina la koleji wanalivisha kila kitu. Eton College, iliyoanzishwa mwaka 1440, ni sekondari ya wavulana. Kuna koleji za mitaani wanakosoma vijana wa miaka 16 na kuendelea, huyu anatafuta A-level, yule ususi au ufundi bomba. King's College London nayo ni chuo kikuu kamili. Ukifika Oxford ndiyo utachoka: unajiunga na koleji kama Balliol, unalala na kula hapo, unafundishwa hapo, lakini shahada unapewa na Chuo Kikuu cha Oxford.

Marekani, anayesoma shahada ya kwanza husema yuko koleji hata kama yuko Harvard, kwa hiyo usimwonee huruma. Dartmouth College inatoa mpaka shahada za uzamivu na jina lake ni hilohilo. Halafu kuna koleji za jamii, za miaka miwili, ambazo watu wetu huzibeza bure. Mimi nazipenda. Ada yake kwa kawaida ni nafuu, na ukimaliza unaweza kuhamia chuo kikuu ukamalizie miaka miwili iliyobaki. Ila chuo unachotaka kuhamia kikuthibitishie kwa maandishi ni masomo yapi kitayahesabu, la sivyo utarudia na kulipa upya.

Kanada sasa. Kule koleji kwa kawaida hutoa diploma na vyeti vya kazi. Shahada nyingi ziko vyuo vikuu. Diploma hiyo si aibu, ina kazi zake. Lakini kama ulichoahidi nyumbani ni shahada, wakala asikulaghai kwamba "yote mamoja". Si mamoja hata kidogo.

Basi barua ya kupokelewa ikifika, acha kwanza kuipiga picha ya kurusha kwenye stetasi. Tafuta panapotajwa aina ya tuzo na anayeitoa. Na kwa mlioko Tanzania mnaofuata shahada, ulizeni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama inaitambua kabla baba hajauza shamba.