Bunge na Hati Zilizofichwa

Muhula uliopita nilikuwa mweka hesabu wa duka la wanafunzi. Siku moja kamati iliomba kulikagua daftari langu, nikakataa, nikasema mambo ya duka ni siri. Sikuiba hata senti moja. Nilikuwa nimekosea kujumlisha, na haya ikanishika. Siku ya tatu nililitoa, kwa kuwa kamati ilikuwa na uwezo wa kuninyang'anya ufunguo. Mwalimu wetu wa uraia aliniuliza, "Je, ungalilitoa kama ufunguo ungalikuwa mikononi mwako peke yako?" Ndipo akaniagiza nisome shauri moja la Marekani, nami nawapasha wenzangu niliyojifunza.

Tangu mwaka 2009, katika jimbo la Arizona, maofisa wa idara ya serikali inayosimamia silaha waliwaacha watu waliowashuku wanunue bunduki, wakitumaini kuzifuatilia mpaka kwa wakubwa wa magendo huko Meksiko. Zilinunuliwa bunduki zipatazo 2,000, na nyingi zikawapotea. Desemba 2010 askari wa mpakani, Brian Terry, aliuawa, na mahali pale zikaokotwa bunduki mbili za mpango ule.

Wabunge wakauliza. Tarehe 4 Februari 2011 Wizara ya Sheria ilijibu kwa barua ya kukana. Desemba ya mwaka ule ule ikaiondoa barua hiyo, ikikiri kwamba haikuwa sahihi. Basi Wabunge wakadai hati za kuonyesha jinsi wakubwa walivyokuja kulitambua kosa. Wizara ilitoa maelfu ya kurasa, lakini hizo ikazizuia. Tarehe 20 Juni 2012 Rais Obama alizikinga kwa haki ya Rais ya kutunza siri za mashauri ya serikali. Tarehe 28 Juni Baraza la Wawakilishi likaamua, kwa kura 255 dhidi ya 67, kwamba Mwanasheria Mkuu, Eric Holder, amelidharau Bunge. Kabla yake hakuna waziri aliye kazini aliyepata kuhukumiwa hivyo na Baraza zima.

Sasa tazameni fundo lenyewe. Kwa sheria, shtaka la namna hiyo hupelekwa kwa mwendesha mashtaka wa serikali wa Washington. Na huyo yu chini ya Mwanasheria Mkuu. Wizara ikajibu kwamba haitashtaki. Baraza likaenda mahakamani, na Januari 2016 hakimu akaamuru hati zitolewe. Miaka mitatu na nusu ilikuwa imepita, na Holder alikwisha kuacha kazi.

Tuwe waadilifu kwa pande zote. Wengi wa chama cha Rais waliiona kura ile kuwa siasa ya mwaka wa uchaguzi, wakatoka nje. Mkaguzi wa Wizara naye, Septemba 2012, hakuona ushahidi kwamba Holder aliujua mpango ule kabla ya mwaka 2011. Tena serikali ina siri za halali: majina ya wapashaji habari, mipango ya ulinzi, na maneno ya washauri, ambao wataogopa kusema kweli wakijua kila neno litasomwa hadharani.

Walakini mwenye siri asiwe yeye peke yake mwamuzi wa siri hiyo. Mwaka 1974 Rais Nixon alidai haki ile ile juu ya kanda za sauti. Majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu waliosikiliza shauri waliamua kwamba haki hiyo ipo, lakini ina mpaka. Siku 16 baadaye alijiuzulu. Lakini angalieni: aliyeshinda kesi ile alikuwa mwendesha mashtaka maalum, wala si Bunge.

Nimefahamu, basi, kwamba kuuliza ni kazi moja, na kulazimisha jibu ni kazi nyingine. Bunge lisilo na njia ya haraka ya kufika kwa mwamuzi wa kando litajibiwa wakati jibu halina faida tena.

Na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kumaliza shule, mkashika kazi za ofisi, mtakuwa na funguo nyingi kuliko mimi. Daftari langu sasa lina nakala mbili, na moja inakaa kwa kamati.