Somo la mwezi: Kazi ya kesho inaanza leo jioni



Somo hili ni la kusoma pamoja ku mkutano wa koperative. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, mkatize pale mnapotaka kuuliza. Mkifika mwisho mtakuta maulizo na kazi ya kufanya nyumbani.

Walimaji wengi wa pembeni ya Goma wanatuambia: «Tunalima sana, lakini nguvu inapotea bure.» Tunawasikia. Koperative haiwezi kuleta usalama peke yake, wala kushusha bei ya mbolea. Lakini iko sehemu ya siku ambayo iko mikononi mwetu wenyewe, na somo hili ni juu ya ile sehemu. Tumechagua tabia tano. Hakuna hata moja inayoomba feza nyingi.

1. Panga kesho leo jioni

Kisha kula, kabla ya kulala, taja kazi tatu za kesho. Si kumi, ni tatu. Ziandike ku kaye. Kama hauandike, mwambie mtoto akuandikie, ao zitaje kwa sauti mbele ya watu wa nyumba. Halafu tayarisha vyombo: jembe limenolewa, kipini hakichezi, mbegu imechaguliwa. Mtu anayeanza kutafuta tupa saa moja ya asubuhi, jua linamkuta bado yuko nyumbani.

Hii inasaidia sana ku msimu A, mvua za Septemba zikianza, na ku msimu B, Februari na Machi. Maharagi yanapaswa kupaliliwa mara ya kwanza kati ya juma la pili na la tatu kisha kuota. Ukichelewa, majani yanakula chakula cha mimea michanga. Hata ukipalilia mara mbili mwezi unaofuata, kile kilichopotea hakirudi.

2. Kazi nzito asubuhi, kazi nyepesi mchana

Kulima, kuchimba mashimo, kubeba: fanya ingali baridi. Jua likipanda, kaa chini ya mti uchague mbegu, ushone mifuko, ao upumzike kidogo. Kupumzika si uvivu. Mwili uliochoka unakata mche pamoja na majani mabaya.

Wenye kahawa, angalisho: chumeni matunda mekundu tu, na myapeleke ku kituo cha kuosha siku ileile. Matunda yakilala ndani ya mfuko yanachacha, na ladha yake inaharibika. Kwa hiyo chuma kiasi unachoweza kufikisha kabla ya jioni.

3. Usidharau kazi ndogo isiyoonekana

Hapa niruhusuni niseme juu yangu. Nilizoea kuazima panga la jirani na kuingia nalo moja kwa moja ku migomba ya mama yangu. Sikulisafisha. Nilijiambia, dakika mbili ni nyingi, kazi iko mingi. Kisha miezi michache majani yakaanza kuwa ya manjano na kunyauka, ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Ilikuwa mnyauko wa bakteria, ule ugonjwa ulioonekana Masisi tangu 2001. Mama hakunilaumu, lakini mwaka ule tulinunua ndizi, sisi tuliokuwa tunaziuza. Hakuna mwizi aliyepita. Ni mkono wangu na panga lile.

Basi, tabia ya tatu ni hii: kila unapotoka ku shina moja kwenda ku lingine, pitisha panga ku moto mpaka lipate moto sana, ao ulioshe na maji ya javeli. Ua la chini la mgomba (lile la dume) livunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, ndizi za mwisho zikiisha kutokea. Shina lenye ugonjwa likate chini kabisa, ku udongo. Na panga la kuazima lisafishe mbele ya kuingia shambani na mbele ya kulirudisha.

4. Andika feza siku ileile

Gawa ukurasa wa kaye mara tatu: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Tuchukue mfano. Umeuza viazi Goma kwa franka 100 000. Umelipa chukudu 15 000, mifuko 3 000, na gharama za njiani 7 000. Mkononi iko 75 000. Lakini mbegu na vibarua vilikula 60 000. Faida yako ni 15 000. Asiyeandika anaona 100 000, anakula 100 000, na msimu unaofuata anakopa mbegu.

Kwa koperative ni vilevile, na hata zaidi. Mwanzoni mwa 2025 benki za Goma zilifunga milango, na vikundi vingi vikabaki na sanduku tu. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo ziwe kwa watu watatu wasio wa nyumba moja. Mwisho wa kila mkutano, muweka hazina ataje kwa sauti feza iliyobaki, na wote wairudilie. Mkutano unaofuata unaanza na hesabu ileile. Koperative nyingi zinakufa juu ya hesabu isiyosomwa, hata pale mavuno yalikuwa mazuri.

5. Linda moyo wako na wa mwenzako

Kuwa na moyo mzuri ku kazi si kujidanganya kwamba yote iko sawa. Wako kati yetu waliokimbia mashamba yao, na waliozika watu wao. Mtu wa namna hiyo usimwambie «jikaze» tu. Mwendee, umsikilize, na kama ni mgonjwa ao ana msiba, wanachama wafanye salongo ya nusu siku ku shamba lake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Anzeni mkutano kwa kuuliza: tangu tulipoachana, ni nini kimeenda vizuri? Hata kama ni mbuzi aliyezaa. Mwenye kufanya vizuri ashukuriwe kwa jina. Mwenye kukosa aambiwe pembeni, asihaibishwe mbele ya watu.

Goma yenyewe inatufundisha. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mpaka katikati ya mji. Watu walirudi, wakapasua yale mawe meusi, wakajengea nyumba na kuta. Waliyalia kwanza, halafu wakayatumia.

Maulizo ya kuzungumza

1. Kati ya tabia hizi tano, ni gani tayari tuko nayo? Ni gani inatushinda, na kwa nini?
2. Nani kati yetu anajua leo feza iliyo ndani ya sanduku?
3. Ni mwanachama gani hatujamuona ku mikutano miwili iliyopita? Nani atamtembelea?

Kazi ya nyumbani

Chagua tabia moja tu. Ifanye siku saba bila kuruka, na kila jioni uweke alama ku kaye. Ku mkutano unaokuja, kila mtu aonyeshe alama zake. Aliyekosa siku mbili tusimcheke: aanze tena kesho.

Kazi njema!